Profesa wetu wa anthropolojia kumbe ni mwimbaji wa opera, hivi hawa watu wanawezaje?

KichwaNgumu88 (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naombeni mnivumilie, uzi utakuwa mrefu kidogo.

Mi nasoma anthropolojia mwaka wa pili. Kuna profesa wetu anatufundisha mambo ya ukoo na ndoa, mama wa makamo, mpole sana, sauti yake darasani iko chini mpaka wa viti vya nyuma wanalalamika, kwa hiyo ana kale kamaiki anakavaa kichwani kama waongoza watalii. Kelele zikizidi hapayuki, anasimama tu anatuangalia mpaka tunaona aibu wenyewe. Sisi tulishamweka kwenye kundi la watu wasio na sauti, tukamalizana naye.

Sasa wiki iliyopita jamaa yangu kanitumia klipu anauliza huyu unamjua? Naangalia, mwanamke kavaa gauni jekundu, nyuma yake okestra nzima, vayolini, tarumbeta, ngoma zile kubwa za shaba, na yeye kasimama tu mikono chini, hana maiki, akafungua mdomo jamani. Niliirudia mara nne. Ni yeye! Mama wa ukoo na ndoa! Na ile sauti inapita juu ya okestra kama vile okestra ndo inamnong'oneza yeye.

Kesho yake nikajipeleka ofisini nikijifanya nauliza kuhusu insha, mwisho nikashindwa kuvumilia nikamuuliza. Akacheka akasema, "Ndiyo, hiyo ni kazi yangu nyingine." Hakusema ni kitu cha kupotezea muda, alisema kazi. Kumbe ni mezosoprano, ile sauti ya kike ya katikati, ana mwalimu wa sauti mpaka leo na umri ule, na kila mwaka anakuwa na onyesho moja au mawili.

Maswali yangu sasa. Muda anautoa wapi? Wenzake wasomi wanamchukuliaje, hawamwoni kama ana mchezo? Na kwanini mtu mwenye sauti ya kujaza ukumbi mzima avae kamaiki kwenye darasa la watu themanini?

Nina sababu yangu ya kuuliza. Mi ni teno, nimeimba kwaya tangu nikiwa mdogo, mwaka huu nimeacha kwa sababu nilijiambia usomi hautaki mambo mawili. Sasa huyu mama kanivuruga.

---

MzeeWaPembeni

Kijana, na ile insha ilikuwaje? Maana naona hapo umekwepa.

---

SautiYaNne

Mkuu ngoja mi nianze na hilo la maiki maana ndo rahisi na ndo limenichekesha. Mi ni bezi, nimeimba kwenye kwaya ya opera miaka kadhaa, wale mnaowaona nyuma wamevaa kama wanakijiji au wafungwa au wanajeshi kutegemea na hadithi. Siyo staa, lakini chumba cha kubadilishia nguo nakijua.

Huyo mama anavaa maiki darasani KWA SABABU ni mwimbaji. Ukisikia okestra wanatuni ala zao kwa ile noti ya la, hiyo ni mitetemo 440 kwa sekunde au zaidi kidogo. Akiimba noti hiyo, zile nyuzi mbili za sauti kooni kwake zinagongana mara 440 kila sekunde, na noti hiyo kwa mezo wala siyo ya juu. Sasa mchukue mtu anayeishi kwa nyuzi hizo umpe masaa mawili ya kupayukia watu themanini, afu jioni aende mazoezini. Walimu ndo kati ya watu wanaoongoza kwa kuharibika sauti kuliko kazi nyingi nyingine, na kinachowaharibu siyo kuimba, ni kuongea kwa nguvu bila pumzi ya kutosha, siku nzima, vumbi na mafua juu yake. Mwimbaji anaibana sauti yake kama bahili anavyobana hela. Utamkuta kwenye sherehe kakaa kona, haongei kushindana na muziki, watu wanasema anaringa. Na akiumwa koo hanong'oni pia, anakaa kimya kabisa, maana kunong'ona nako wengi wetu tunafundishwa kwamba kunalikamua koo.

La pili, ile sauti kupita juu ya okestra. Hapa watu wanadhani ni nguvu, kwamba mwimbaji wa opera anapiga kelele kuliko tarumbeta. Hakuna binadamu wa hivyo. Msweden mmoja anaitwa Johan Sundberg alilipima jambo hili miaka ya 1970. Okestra ikipiga, nguvu yake kubwa iko chini, kwenye mitetemo kama 500 hivi kwa sekunde, ukipanda juu inapungua. Mwimbaji aliyefundishwa vizuri, hasa wanaume na sauti za kike za chini, anashusha koromeo na kuibana kidogo ile njia iliyo juu ya nyuzi, na sauti yake inapata kama mng'aro kwenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imeshachoka. Kwa hiyo hashindani nayo, anapita dirisha ambalo wao hawajalifunga. Soprano wakiwa juu kabisa wana mbinu nyingine, wanaulegeza mdomo na taya ili umbo la mdomo liendane na noti, ndo maana huko juu husikii maneno vizuri, hata kama lugha unaijua.

Unaweza kulijua hilo kwa miezi? Hapana. Miaka. Na sauti kubwa zinachelewa, kuna watu wanafika thelathini na kitu ndo mwalimu anawaambia haya sasa sauti imekaa. Huo ndo mwanya wa watu kama profesa wako, wakati sauti inakomaa unaweza ukasoma mpaka udaktari na ukarudi bado mapema.

---

DadaMsomi

Mleta mada nimeipenda hii. Mi nimeshamaliza shahada ya pili kwenye fani hiyohiyo, na nakuambia profesa wako siyo kituko, ana ndugu zake.

Katherine Dunham unamjua? Watu wengi wanamjua kama mcheza dansi tu. Alisoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1935 na 1936 akazunguka Karibi kwa utafiti, Jamaika, Martinique, Trinidad na hasa Haiti, alisomea ngoma zao kwa kuzicheza, akaingia mpaka kwenye ibada. Baadaye akarudi na zile hatua za miguu akazitengenezea mbinu yake ya kufundishia dansi ambayo inafundishwa mpaka leo. Na opera imo humo, mwaka 1963 ndo alitunga dansi za Aida, opera ya Verdi, kwenye jumba la opera la Metropolitan New York, na mwaka 1972 akaongoza onyesho la kwanza kamili la Treemonisha, opera ya Scott Joplin iliyokaa miaka sitini bila kupandishwa jukwaani ipasavyo. Ilifika mahali akaona lazima achague kati ya dansi na usomi. Hakufika udaktari, alichagua jukwaa, lakini ukisoma alichoandika unaona hakuacha kuwa mtafiti hata siku moja.

Halafu yuko Ian Bostridge, teno Mwingereza. Huyu ni mwanahistoria siyo mwanaanthropolojia, ila nisikilizeni, udaktari wake wa Oxford ulihusu uchawi! Uchawi Uingereza karne ya 17 na 18, jinsi wasomi na wanasiasa walivyoacha kuuamini. Ukiniuliza mi hiyo ni anthropolojia iliyovaa koti la historia. Akawa mtafiti chuoni huku anaimba pembeni, mwaka 1995 akiwa anagusa thelathini na moja akaacha chuo akaimba moja kwa moja. Na vitabu anaendelea kuandika.

Na John Blacking, ambaye alikuwa mpiga piano mzuri kabla ya yote, akaenda kuishi na Wavenda Afrika Kusini 1956 mpaka 1958, baadaye akawa profesa wa anthropolojia Belfast. Alichokikuta kule kilimvuruga kama profesa wako alivyokuvuruga wewe. Alikotoka yeye, mtu mmoja ana kipaji cha muziki, tisini na tisa wanakaa wanamsikiliza. Kwa Wavenda akakuta inachukuliwa kwamba kila mtu anaweza, kinachotofautiana ni nani amefanya sana. Akarudi na swali, kwanini sisi tunawanyamazisha walio wengi? Sasa fikiria swali hilo ndani ya kichwa cha mtu anayeimba opera, sanaa ambayo watu 3,800 wanakaa gizani kimya (hiyo ni karibu idadi ya viti vya Metropolitan) na akikohoa mmoja anageukiwa na safu nzima. Mi ningelipa hela kumsikia profesa wako akilizungumzia hilo.

Kuhusu wenzake kumwona ana mchezo, inategemea idara na inategemea mwaka gani. Kabla hujapata ajira ya kudumu watu wanaficha. Kweli kabisa, wanaficha, kwenye wasifu wa kazi huoni hata mstari. Ukishapata ndo gauni jekundu linatoka kabatini.

---

MkosoajiMkuu

Samahani nawaharibia sherehe. Hamuoni kuna kitu hakikai sawa hapa? Anthropolojia kazi yake ni kutufundisha kwamba hakuna utamaduni ulio juu ya mwingine. Opera ni sanaa iliyojengwa kuonyesha nani yuko juu ya mwingine! Ilianzia kwenye majumba ya watawala Italia mwaka 1600 hivi, ile opera ya Orfeo ya Monteverdi ya 1607 ilipigwa nyumbani kwa mtawala wa Mantua mbele ya wageni waalikwa, watu wa kawaida walisubiri mpaka 1637 Venice ndo likafunguliwa jumba la kulipia kiingilio. Na hiyo Aida DadaMsomi anayoitaja, Misri ya Wazungu vichwani mwao, ilipigwa mara ya kwanza Cairo Desemba 1871 kwa agizo la Khedive Ismail, mtawala wa Misri, wakati nchi inazama kwenye madeni. Otello nayo, opera ya jemadari mweusi, Metropolitan wamekuja kuacha kumpaka rangi nyeusi mwimbaji mweupe mwaka 2015. ELFU MBILI NA KUMI NA TANO wakuu.

Sasa profesa anatoka darasani kufundisha habari za ukoloni anaenda kuvaa gauni anaimba hayo. Mi namwona mtu mwenye sura mbili, kipaji kisitufumbe macho.

---

DadaMsomi

MkosoajiMkuu hoja yako siikatai hata moja, nakuongezea nyingine, Edward Said, yule mhakiki wa fasihi na ukoloni, aliichambua Aida mwaka 1993 na alisema mengi unayosema wewe. Ila Said mwenyewe alikuwa mpiga piano na alikuwa anaandika uhakiki wa muziki magazetini, aliipenda opera. Aliweza kuipenda na kuishitaki papo hapo.

Na ukitaka usafi, anthropolojia yenyewe imetoka wapi? Nani alikuwa analipia safari za wale wazee, na bendera ya nani ilikuwa inapepea kwenye kisiwa Malinowski, mmoja wa wazee wa fani yetu, alipopiga hema? Ukimwambia profesa aache opera kwa sababu ya ilikozaliwa, basi na ile kazi ya mchana aiache, akauze vitumbua.

---

MkosoajiMkuu

Sijasema aache. Nimesema isiwe tunapiga makofi tu. Na mfano wa Said haunitoshi, Said hakusimama jukwaani akaiimba.

---

SautiYaNne

Hapo MkosoajiMkuu umegusa kitu, kusimama na kuimba ni tofauti na kusikiliza. Lakini mi nakiona kwa upande mwingine. Niliwahi kuimba kwaya ya wafungwa kwenye opera moja, tulikuwa watu arobaini hivi, mazoezi wiki tano. Ukiwa ndani ndo unaona kijiji. Kuna kondakta (siyo wa basi), akiingia watu wananyamaza. Kuna mpiga piano wa mazoezi, halipwi vizuri na anajua opera nzima kuliko wote, kila mtu anamkimbilia yeye kimyakimya. Kuna solo mkubwa na mbadala wake anayekaa kila siku anasubiri mwenzake augue, na wanasalimiana kwa upendo mkubwa kila asubuhi. Kula tunakula kwa makundi na hakuna aliyeyapanga, kwaya na kwaya, solo na solo, okestra hao hawachangamani na mtu.

Afu imani sasa. Kupiga mluzi jukwaani marufuku. Kumtakia mtu "kila la heri" ni mkosi, Waitaliano wanakwambia "mdomoni mwa mbwa mwitu" na wewe unajibu na afe huyo mbwa mwitu, Wajerumani wanakutemea mate ya hewani mara tatu begani, toi toi toi, na ukisema asante umeharibu. Watu wana digrii zao hao! Kuna teno tulikuwa naye hapandi jukwaani bila kugusa msumari mmoja nyuma ya pazia. Nilikuwa nacheka, onyesho la tatu nikajikuta nami naugusa.

Sasa nikajiuliza, mwanaanthropolojia akiwa mle ndani si kama paka kwenye ghala la samaki? Mtu kutoka nje hawezi kuyaona hayo, hakuna atakayemwonyesha msumari.

---

DadaMsomi

SautiYaNne umemaliza kabisa, huo msumari ndo fani yetu. Kule kwetu tunasema kushiriki huku ukitazama. Loïc Wacquant, mwanasosholojia, mwaka 1988 aliingia klabu ya ndondi Chicago akitaka tu sehemu ya kutazamia mtaa, akaishia kufanya mazoezi miaka mitatu na kupanda ulingoni, kwa sababu aligundua mabondia hawawezi kukueleza kwa maneno wanachokijua, kimekaa kwenye mabega na miguu. Na Marcel Mauss, mwanaanthropolojia Mfaransa, alishalisema hilo mwaka 1934, kwamba hata kutembea na kuogelea tumefundishwa na jamii, mwili ni chombo cha kwanza cha mtu. Kuimba ndo usiseme. Mwalimu wa sauti hawezi kuishika sauti yako akaionyesha, anakwambia "imba kama unanusa ua" au "weka pumzi mgongoni", maneno ambayo kwa daktari hayana maana yoyote, na siku moja mwili unayaelewa.

Mantle Hood, mtafiti wa muziki wa jamii mbalimbali, mwaka 1960 alikuwa anadai wanafunzi wake wajifunze kupiga muziki wa watu wanaowatafiti, wawe na muziki mbili kama mtu mwenye lugha mbili. Profesa wako anazo tayari, kabla hajatoka nyumbani.

---

MzeeWaPembeni

Swali la muda hamjalijibu. Mnazunguka tu.

---

SautiYaNne

Kweli mzee, haya. Muda haupatikani, unaibwa, na kalenda ndo adui mkubwa. Nyumba kubwa za opera zinaweka mikataba ya waimbaji wakuu miaka kadhaa mbele, na ukichukua uhusika wa jukwaani unatakiwa mazoezini wiki nne mpaka sita kila siku kabla ya onyesho la kwanza. Chuo hakiwezi kukuachia muhula mzima. Kwa hiyo watu wa kazi mbili wanachukua konseti, unasimama na okestra na kitabu chako, mazoezi siku mbili tatu, unaimba Jumamosi, Jumatatu uko darasani. Opera kamili wanaisubiria likizo ndefu, au ule mwaka ambao profesa anapewa asifundishe afanye utafiti. Klipu aliyoiona kijana, mwanamke kasimama mikono chini okestra iko nyuma yake, hiyo ni konseti kabisa, kwenye opera okestra iko shimoni mbele.

Mistari wanaikariri kwenye basi. Lugha zenyewe Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, wengine Kirusi na Kicheki, na hapo msomi anatuzidi sana sisi, zile alama za kuandikia matamshi ambazo wanaisimu wanazitumia uwandani ndo hizohizo tunafundishwa kutamkia opera. Yeye alishazijua, mi nilizililia.

Na kuna kitu atalipa, tusidanganyane. Hatapata nafasi zile kubwa, na kuna makala hataandika. Amechagua kufika katikati kwenye milima miwili.

---

KichwaNgumu88 (mleta mada)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. Mzee, insha nilipata C, tuendelee.

Leo nilimwonyesha profesa maswali yenu (siyo majina). La kamaiki alicheka mpaka akakaa, akasema SautiYaNne amfikishie salamu mpiga piano wake wa mazoezi. La MkosoajiMkuu hakucheka. Alikaa kimya kidogo akasema kuna uhusika mmoja aliwahi kuukataa na mwingine aliukubali na mpaka leo hajui kama alikosea, na kwamba wanafunzi wake wangekuwa wanamuuliza hilo darasani badala ya kuuliza mtihani utatoka nini yeye angefurahi. Basi, hakuongeza, akarudi kwenye kompyuta.

Jumapili nilirudi kwaya. Mwalimu kaninunia, kaniweka nyuma na mabezi kama adhabu.

Alhamisi naenda kuangalia mazoezi yake, ile siku ya kwanza waimbaji wanakaa na okestra bila kuigiza, nimeambiwa Wajerumani wanaiita Sitzprobe. Amenipa masharti. Nikae karibu na mlango, nije na daftari, niandike nani anamsalimia nani kwanza na nani anakaa wapi wakati wa chai, kuhusu muziki nisiandike chochote. Na kama nina mafua nisisogee kabisa.

---

SautiYaNne

Mafua siyo utani hapo. Na kijana, angalia nyuma ya pazia kama kuna msumari.